Merzbow: msikate tamaa bado

Habari zenu, wasikilizaji wenzangu. Nimeyaona malalamiko yenu kuhusu muziki wa Merzbow tangu juzi. Na yule aliyeuliza kama spika yake imeharibika: hapana, spika ni nzima. Ndivyo muziki wenyewe unavyolia.

Merzbow ni jina la kisanii la Masami Akita wa Tokyo, mwanamuziki wa kelele (noise), yuko kazini tangu 1979. Jina amelitoa kwenye Merzbau, kazi ya msanii Mjerumani Kurt Schwitters, aliyetengeneza sanaa kwa vitu vilivyotupwa. Mlango wa kuingilia uko hapo. Akita naye huokota takataka za sauti: mivumo, mikwaruzo, sauti inayorudishwa ndani ya mashine hadi ipige yowe.

Mimi mara ya kwanza nilizima dakika ya tatu. Kosa langu, nilikuwa natafuta wimbo. Niliporudi sikusubiri mdundo. Nilichagua mvumo mmoja wa chini nikaufuata tu, popote ulipokwenda. Ndipo nikaanza kusikia matabaka, hili linazama, lile linapasukia juu yake. Ni kama mvua kubwa juu ya bati, huitafutii kiitikio.

Wiki hii tusikilize albamu yake Pulse Demon ya 1996, kipande cha kwanza tu. Msijaribu kummaliza, ana mamia ya albamu, na mkusanyo wa Merzbox peke yake una CD 50! Sauti iwe ya wastani tafadhali, hasa wenye hedifoni.

Jumapili jioni kila mmoja alete sekunde kumi zilizomshika. Au zilizomkera, hizo pia nazitaka.