Kaimati na kashata zipewe nafasi katika migahawa ya vitindamlo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye migahawa ya vitindamlo ambayo siku hizi inafunguliwa kwa wingi Masaki, Oysterbay na Mikocheni, na pia na vijana wetu wanaoijaza kila jioni. Niliingia katika mmoja wa migahawa hiyo kwa mara ya kwanza Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliopita. Nilialikwa na binti wa kaka yangu, ambaye alikuwa amepokea mshahara wake wa kwanza na akasema kabla hajanunua chochote ni lazima amtoe shangazi yake.

Nianze kwa kutenda haki, kwa sababu mahali pale ni pazuri. Vioo vilikuwa vimefutwa vikang'aa, vijana wahudumu walivaa aproni safi, na tangu mlangoni tulipokewa na harufu ya siagi na mdalasini. Meza karibu zote zilikuwa na vijana, wengi wao mabinti, wakizungumza kwa utulivu. Kwa sisi tuliolea mabinti katika jiji hili, kupata mahali ambapo binti anaweza kukaa na wenzake hadi saa nne za usiku bila chupa ya bia mezani wala muziki wa kuziba masikio si jambo dogo, na ninawashukuru kwa dhati walioweka mitaji yao huko.

Tukaletewa menyu. Ilikuwa na kurasa sita, yote kwa Kiingereza, na niliisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kama nilivyozoea kusoma daftari la mwanafunzi. Kulikuwa na keki ya jibini ya aina tano, tiramisu ya Italia, krepu za Kifaransa, kunafa ya Kiarabu iliyojazwa pistashio, ule mkate wa vidirisha vidirisha wanaouita wafo, na aiskrimu ambayo maelezo yake yalitaja kwamba vanila yake inatoka Madagaska. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilimuuliza mhudumu kama wana kaimati, au visheti, au hata kipande cha halua. Kijana yule, ambaye alikuwa na adabu njema na simlaumu hata kidogo, alinijibu, "Hapana mama, hivyo ni vya mtaani."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii, maana niliporudia kuitazama ile menyu sikuona ndani yake kitu ambacho hakikuwa cha mtaani mahali fulani. Wafo huuzwa katika vibanda vya barabarani huko Ubelgiji, na watu huzila wakitembea. Krepu zimetoka Bretagne, magharibi ya Ufaransa, na kwa muda mrefu zilikuwa chakula cha wakulima wa kawaida. Kunafa ya Nablus, huko Palestina, hukatwa kutoka kwenye sinia kubwa za duara na kuuzwa ikiwa ya moto kwa kila anayepita. Tiramisu yenyewe haina hata umri wa bibi zetu, kwani umaarufu wake ulianza katika nusu ya pili ya karne ya 20. Vyakula hivyo vilipandishwa hadhi na watu wa kwao wenyewe, walioviweka kwenye sahani nzuri, wakaviita kwa majina yake na kuwafundisha wageni kuyatamka.

Tena kaimati inao ndugu ambaye ameshapanda daraja. Katika nchi za Ghuba huitwa luqaimat, na mtu akienda Dubai au Muscat ataikuta katika migahawa ya kisasa, imemwagiwa shira ya tende na kunyunyiziwa ufuta, huku wageni wakiipiga picha. Unga ni ule ule, hamira ni ile ile, mafuta ni yale yale. Mwenye mgahawa wa Masaki anayesafiri kwenda Dubai kutafuta mambo mapya huipita kaimati kwenye kona ya mtaa wake kila siku ya Ramadhani.

Mimi nilizaliwa Ngamiani, Tanga, na mama yangu alipika kaimati za kuuza barazani kwetu, Barabara ya 12. Niliwafundisha wanafunzi sayansi kimu kwa miaka mingi, lakini sijaona somo gumu kuliko lile la shira ya mama. Shira ikiwa nyepesi, kaimati hunyonya maji na kulegea. Ikizidi moto, huganda na kuwa chembe za sukari. Mama alikuwa akichota tone kwa mwiko, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akavitenganisha polepole, na uzi ukivutika bila kukatika ndipo alipoepua na kutia iliki iliyotwangwa muda ule ule. Unga aliukanda kwa tui la nazi, akaupiga kwa mkono ndani ya bakuli mpaka usikie mlio wa kupiga makofi. Kisha aliuacha uumuke, akawa anauminya ndani ya ngumi na kudondosha vidonge katika mafuta, akivigeuza bila kupumzika ili viive rangi moja pande zote. Kaimati iliyopikwa hivyo ina gamba linalovunjika menoni na ndani ni laini kama pamba. Anayesema huo ni upishi wa kubahatisha hajawahi kuujaribu.

Nirudi mezani. Binti yangu aliagiza wafo, na mhudumu akaimiminia chokoleti ya moto mbele yetu kutoka kwenye birika dogo. Nilimuuliza chokoleti hiyo inatoka wapi, akanijibu kwa fahari kwamba ni ya Ubelgiji. Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu niliwahi kufundisha Kyela kwa miaka minne na nyumba niliyopanga ilipakana na shamba la mkakao. Naijua harufu ya kakao inayochachushwa, ambayo siku za mwanzo inakaribiana na siki. Naijua kazi ya kuivundika kwa majani ya migomba kwa karibu juma zima na kuigeuza, kisha kuianika mikekani na kukimbia kuianua kila wingu la Ziwa Nyasa linapojikusanya. Kakao nyingi ya nchi hii inatoka wilaya ile, na sehemu kubwa yake huondoka ikiwa mbegu kavu. Wapo sasa watengenezaji wachache wa chokoleti hapa hapa nchini wanaoitumia, lakini katika menyu ile sikuona hata mstari mmoja unaowataja. Ni hivyo hivyo kwa vanila, ambayo wakulima wa Kagera wanaichavusha ua moja moja kwa mkono.

Nasema haya nikijua kwamba jambo hili linawezekana, na ushahidi niliupata kwenye menyu ile ile. Kahawa yao iliandikwa waziwazi kuwa ni ya Kilimanjaro, na maelezo yake yaliandikwa vizuri: imelimwa mlimani, imechumwa kwa mkono, imekaangwa hapa Dar es Salaam. Wateja waliagiza kwa kutaja jina la mlima. Kama kahawa yetu, ambayo kwa miaka mingi tuliizoea kuiona ikipita mnada wa Moshi na kwenda zake ng'ambo, imeweza kurudi mezani ikiwa na jina lake, sioni kwa nini halua isirudi.

Najua sababu zinazotolewa. Wapishi wengi wamesoma katika vyuo vya hoteli ambavyo somo la vitamu ni keki na krimu, kwa hiyo wanapika walichofundishwa. Kaimati haikai, ikipoa imekwisha ladha. Halua inataka mtu wa kusimama kwenye sufuria na kukoroga kwa saa kadhaa, mpaka wanga, sukari, samli, zafarani na kungumanga vishikane na kuanza kuachia pembeni. Lakini wafo nayo haikai, na ndiyo maana inaokwa mteja akiwa amekaa. Na halua hailazimiki kupikwa mgahawani, maana wapo mafundi Unguja na Pemba ambao kazi yao ni hiyo tangu kwa babu zao, na boti huja Dar es Salaam kila siku. Vivyo hivyo, Temeke, Magomeni na Kariakoo wapo akina mama ambao mwezi wa Ramadhani hupika kaimati mamia kwa mamia kila alasiri, na miezi mingine kumi na moja wanatafuta la kufanya. Mwenye mgahawa akimwajiri mmoja wao kwa mshahara wa haki, atakuwa amepata mpishi ambaye hakuna chuo kingeweza kumpatia.

Kuhusu bei sitasema mengi. Kipande cha keki kilikuwa shilingi 22,000, na binti yangu alilipa kwa furaha. Ningefurahi kuona sahani ya kaimati sita za moto ikiuzwa pale kwa bei inayolingana na kazi yake, na mpishi wake akipata sehemu yake.

Ombi langu la kwanza lakini ni dogo kuliko yote hayo. Kahawa yangu ya Kilimanjaro ililetwa na biskuti moja ndogo ndani ya karatasi ya plastiki, yenye maandishi ya lugha ya Ulaya ambayo sikuijua. Mwambao mzima, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, unajua kinachokaa kando ya kahawa chungu. Wazee wa barazani wanajua, na muuza kahawa wa Kariakoo anayetembea na birika na vikombe vyake anajua. Ni kashata, ya nazi au ya karanga, iliyokatwa pembe nne. Hukaa siku nyingi bila kuharibika, haihitaji jokofu, na kipande chake hakigharimu zaidi ya ile biskuti iliyovuka bahari. Nilimweleza hivyo msimamizi wa mgahawa tulipokuwa tunaondoka, akanisikiliza na kuniomba nimpelekee za kuonja. Nitampelekea Jumamosi hii, za nazi na za karanga. Na ninawaomba wasomaji wako wanaoingia katika migahawa ya namna hiyo nao waziulize, kwa jina lake, kila wanapoagiza kahawa.

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Magomeni, Dar es Salaam