Simba wa Fukuoka waliondokaje

Mhariri,

Salamu kutoka Fukuoka, mwaka wa sita niko huku kikazi na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi. Juzi mliandika kuwa timu za besiboli za Japani zinadhaminiwa na makampuni, hapo naomba nirekebishe. Huku kampuni inaimiliki timu kabisa na jina lake linaingia kwenye jina la timu. SoftBank ni mambo ya simu, Lotte ni pipi na chokoleti, Nippon-Ham ni nyama. Kikubwa ni kodi: tangu 1954 serikali iliruhusu hasara ya timu ihesabiwe kama gharama ya matangazo ya kampuni, ko timu hata ikipata hasara miaka yote tajiri hajali sana, jina lake si linatajwa kila siku redioni.

Shida inakuja tajiri akichoka. Jirani yangu, mzee wa makamo ya babu yangu, bado anatunza kofia ya Nishitetsu Lions (yaani Simba), timu ya kampuni ya treni ya hapahapa, walibeba ubingwa mara tatu mfululizo 1956 mpaka 1958, na huo wa 1958 walishapoteza mechi tatu za kwanza za fainali (bingwa ni wa kwanza kushinda nne) wakageuza kibao wakashinda nne mfululizo, zote nne ushindi akaandikiwa mrushaji mmoja, yule anayewarushia wapigaji mpira, Kazuhisa Inao, watu wakamwita mungu. Baadaye timu ikauzwa. 1973 ikaitwa Taiheiyo Club Lions, 1977 Crown Lighter Lions, yaani jina la viberiti vya gesi (na hizo mbili ndo zilikuwa udhamini kweli, zililipia jina tu), af 1979 ikawa Seibu Lions ikahamishiwa Tokorozawa, huko karibu na Tokyo. Miaka kumi mji mzima hauna timu! Mpaka 1989 ilipoletwa timu ya Hawks, ambao nao walitolewa Osaka, ko furaha ya Fukuoka ilikuwa msiba wa watu wa Osaka.

Mi naona jina la mji na la mnyama vibaki mali ya mashabiki, kampuni ijiandike kwenye jezi inatosha. 2004 wachezaji wenyewe waligoma siku mbili, wakiongozwa na Atsuya Furuta, pale timu ya Kintetsu ilipotaka kuunganishwa na ile ya Orix, na mashabiki wakawaunga mkono. Kuunganishwa hakukuzuilika ila 2005 ilizaliwa timu mpya mji wa Sendai, ya kampuni ya Rakuten.

Nyie mkiandika basi muwe mnataja na mji. Mzee wangu huyu siku hizi anashangilia Hawks, lakini Lions wakija kucheza hapa hatoki nyumbani, anasema hajui akae upande gani.

Msomaji wenu, Fukuoka