Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kutafuta posdoki

Ndugu wanachama, salamu sana. Shughuli za kawaida mnazijua, mikutano 4, semina 6, warsha 2 za kuandika maombi, matangazo ya nafasi za posdoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu (PhD), kwenye gurupu karibu kila siku, sina haja ya kurudia.

Sasa lile suala. Miezi yote hii nasikia eti mwenyekiti amewauzia watu wa kompyuta chama cha watu wa maabara. Jamani. Kuwapokea wanafizikia, wanahisabati na waandika programu ambao hawajawahi kushika pipeti, kile kifaa cha maabara cha kunyonya vimiminika, ni wazo langu, silikani, ila kamati ilipiga kura 5 kwa 3, sikuamka tu asubuhi nikaamua. Angalieni wenyewe upepo unavuma wapi. HFSP, shirika la kimataifa linalofadhili utafiti wa baiolojia, wana feloshipu (ufadhili wa mtafiti) nzima ya miaka 3 kwa ajili ya mtu mwenye uzamivu wa nje ya baiolojia, awe wa fizikia, hisabati, uhandisi au kompyuta, anayetaka kuingia kwenye baiolojia. Nobeli ya Kemia ya 2024 imeenda kwenye protini, nusu kwa David Baker aliyezibuni kwa kompyuta, nusu kwa Demis Hassabis na John Jumper wa AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini. Halafu sisi tufunge mlango? Tangazo la posdoki siku hizi linataka mtu wa seli anayeweza pia kuchambua data yake mwenyewe, na wengi wetu tuna seli tu. Hao hao mnaowaita wageni ndo walikesha na wenzetu 7 wakiwafundisha Python, lugha ya kuandika programu, bure, na 3 kati ya hao 7 wameshapata nafasi. Wawili kati ya hao 3 waliopata nafasi walikuwa wamepinga wageni wapokelewe, na sijawawekea kinyongo.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Kikao cha masharti ya maombi nilikiandaa wiki mbili, tuko 64, wakaja 11. Baadae mwenzetu mmoja anaandika andiko la kuomba feloshipu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya wiki 5 ndo anagundua ameshaishi nchi anayoombea miezi 14, na sharti linasema usizidi miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dedilaini. Hilo lilikuwa slaidi ya pili! Na kwa masharti ya 2025, andiko likipata alama chini ya asilimia 70 ulikuwa huruhusiwi kurudi mwaka unaofuata na taasisi ile ile. Wengine wameiacha K99/R00, ruzuku ya Marekani ya kumvusha mtu kutoka posdoki hadi utafiti wake mwenyewe, wakidhani ni ya raia tu, wakati haidai uraia, inachohesabu ni usizidishe miaka 4 ya posdoki, na hiyo miaka inakwenda mbio.

Ada: wamelipa 19. Zoom nimeilipia mwenyewe miezi 5.

Mwakani tunatumaini kupata seva ya pamoja na wazoefu wa kutusomea maandiko, mazungumzo yapo. Wenye madeni, mweka hazina anawasubiri.