Ulipima asidi ya yuriki siku ya maumivu ukaambiwa iko sawa? Soma hii kwanza

Nianze na kosa letu wenyewe. Ami yangu ni mvuvi wa Ngomeni, miaka sitini na kitu, asubuhi moja akaletwa hapa maabara kwetu kwa bodaboda, mguu mmoja una kiatu na wa pili hauna, kidole gumba kimefura chekundu kama nyanya, ati alilala mzima, saa nane usiku akaamka chawaka moto, hata shuka ikikigusa apiga kelele. Nkamtoa damu nkampimia asidi ya yuriki, ikatoka 5.9. Nkamwambia ami, hii sio jongo (gauti, ule ugonjwa wa viungo uletwao na asidi ya yuriki), damu yako iko sawa, labda ulijigonga kwenye mashua hukujua. Akapewa dawa ya maumivu akaenda zake, wiki haijesha amepona, akarudi kwa kamba wake na mishikaki ya maini. Wiki tatu baadaye alipita kunisalimia tu, mzima kabisa, nkamwambia hebu nipe mkono nikupime tena. 8.7, yaani iko juu.

Sasa hapa wengi ndipo munapopotea, na sio nyinyi tu, hata sisi wa nyuma ya kaunta. Siku kidole chawaka, kiwango cha asidi kwenye damu chaweza kushuka kikaonekana cha kawaida kabisa. Kwa hivo karatasi ya siku hiyo ikisema iko juu yasaidia, lakini ikisema iko sawa haijakwambia kitu. Ya kuitegemea ni ile ya wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kwisha, yaani siku ambayo mtu haoni hata sababu ya kuja maabara.

Na kuna kinyume chake pia. Wako wanaokuja na karatasi ya 7.5 waliyopata kwenye chekapu, hawajawahi kuumwa na kidole hata siku moja, washajiita wagonjwa na wataka dawa leo leo. Wengi wenye asidi ya juu hawapati jongo maisha yao yote. Huyo twamwambia apime presha, sukari na figo, apunguze uzito kama uko, na dawa ya jongo tumuachie mwenye jongo.

Halafu hii ya vipimo nlitaka kuisema siku nyingi. Wazee wawili walikaa barazani wakalinganisha karatasi zao, mmoja ana 6.6 kutoka hapa kwetu, mwengine ana 390 kutoka maabara nyengine, huyu wa 390 akaamini anakwenda na maji, hakulala. Jamani ni kitu kimoja! Maabara zengine huandika miligramu kwa desilita, zengine mikromoli kwa lita, gawanya hio kubwa kwa 60 utapata karibu na ile ndogo. Mwanamume kawaida haifai kupita 7 hivi, mwanamke 6.

Asidi yenyewe yatoka wapi? Watu wafikiria ni nyama tu. Nyingi yatoka ndani yako mwenyewe, chembe za mwili zakufa kila siku na mpya zazaliwa, zile zilizokufa zina purini, kemikali iliyo ndani ya chembe na ndani ya vyakula pia, purini zikivunjwa kinachobaki mwisho ni asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana enzaimu ya kuivunja zaidi, sisi binadamu hatuna. Figo ndizo hutoa kama theluthi mbili, inayobaki yatokea kwenye utumbo. Na wengi wenye jongo shida yao sio kwamba watengeneza nyingi, ni figo zatoa kidogo, mara nyingi ni kitu cha ukoo, kwa hivo ukiona babako alichechemea na wewe ushaanza kuchechemea usishangae.

Ukitoka Malindi ukavuka daraja la Sabaki ukapita Mambrui mpaka Gongoni utaona yale mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari yakiwa mengi chumvi huioni, yakishiba tu ndio yaanza kuganda kule chini. Damu ni vivo hivo. Ikivuka kama 6.8 yaanza kushiba, asidi yashikana na sodiamu yaganda vijiwe vyembamba kama sindano, na vijiwe vyapenda mahali pa baridi, ndio ukaona kidole gumba cha mguu ndio huanza, kiko mbali na joto la mwili. Vyaweza kukaa kimya miaka, halafu usiku mmoja kinga ya mwili yavishtukia yavivamia, hapo ndio ule moto. (Hakuna aliyekurogea kidole. Nasema kwa sababu nmeulizwa hapa kaunta, zaidi ya mara moja.)

Moto huo kwa kawaida hupoa wenyewe ndani ya wiki moja mbili hata usimeze kitu, na ndio kila mtu hupata sifa, muuza majani, siki ya tufaha, magadi na ndimu, mpiga sindano, wote watu huwashukuru. Maumivu yamekwisha kweli, lakini bwawa bado lina chumvi yake chini, na mwaka ujao itakuwa kidole na kifundo, halafu goti, halafu vinundu kwenye kiwiko na sikio, na wengine hupata vijiwe vya figo.

Kwa hivo dawa ni aina mbili na musizichanganye. Kuna za kuzima moto: kolchisini, diklofenaki na ndugu zake, au predinisoloni. Diklofenaki kwa mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au moyo ni hatari, usinitumie mtoto aje anunue bila maelezo. Na kuna za kushusha asidi, maarufu ni alopurinoli, ambayo sio dawa ya juzi ya kujaribiwa kwetu kama nnavyosikia, imeruhusiwa Marekani tangu 1966, na Gertrude Elion na George Hitchings walioitafuta walikuja kupewa Nobeli 1988 kwa kazi yao ya dawa. Daktari huanza kidogo, mara nyingi miligramu 100 au chini yake, apandisha pole pole mpaka damu ikae chini ya 6, kwa wale wa namba kubwa ni chini ya 360.

Na hapa ndio watu huitupa. Ukimwaga maji matamu kwenye bwawa la chumvi, ile iliyoganda haiyeyuki siku moja, yamomonyoka vipande vipande, na kwenye kiungo vipande hivo ndivo vyaamsha moto upya. Miezi ya mwanzo waweza kuumwa zaidi! Mtu asema dawa imenidhuru, aacha, arudi kwa sindano. Ndio sababu daktari huongeza kolchisini kidogo kwa miezi mitatu mpaka sita. Cha kukuachisha mara moja ni vipele mwilini, hapo acha kidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula nsikufiche, kinasaidia lakini kwa wengi chashusha kama 1 tu kwenye ile namba ndogo. Punguza maini, figo, dagaa, kamba na kaa. Bia ndio mbaya zaidi, lakini pombe ni pombe na mnazi haujasamehewa. Soda na juisi zilizojazwa sukari pia, hii watu hawaijui. Mbaazi kula! Kuna watu wameachishwa mahamri na mbaazi bure tu, purini za mimea hazijaonekana kuleta jongo. Kahawa pia haina neno, na maji kunywa, haswa wewe unayeshinda juani baharini.

Dawa zako za presha tuoneshe, zile za kukojoza kama haidroklorothaiazidi hupandisha asidi, usiziache mwenyewe lakini daktari aweza kubadilisha. Na kiungo kikifura pamoja na homa ya kutetemeka, usije kwetu, nenda hospitali moja kwa moja, huenda ni usaha.

Tangu ile siku ya ami tumebadilisha utaratibu. Ukija kidole kimefura tutakupima, lakini tutakuandikia tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili na hio ya pili hatukutozi. Huna haja ya kufunga. Tuko wazi asubuhi mpaka magharibi, Ijumaa twafunga wakati wa swala. Ami mwenyewe saa hii yuko 5.4, kidonge chake ala kila siku baada ya chai, kamba bado awavua ila wote auza, na akinipitia hunikumbusha mashua aliyojigonga nayo.