Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tuanze na damu ya mama

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni mkunga huku kandokando ya ziwa. Nakuandikia kuhusu watoto wanaozaliwa chini ya kilo 2.5. Si wote ni njiti. Wengine wametimiza miezi yao ila hawakukua vya kutosha tumboni. Tunawapima, tunajaza kadi, tunamwambia mama ale vizuri. Hapo tumeshachelewa.

Pita mialoni asubuhi. Utamkuta mjamzito maji yako magotini, anaosha dagaa, kisha anajitwisha beseni kwenda kuanika. Mvute kope la chini: ndani peupe. Kwenye pindo la kanga kuna udongo wa kula. Malaria, safura na kichocho vinagawana damu yake, halafu tunamlaumu kwa kutokula mboga! Mimba za karibukaribu, umri mdogo, presha na mapacha navyo vimo, lakini huku kwetu mimi naanza na damu.

Ombi la kwanza huenda likakuchekesha: vikombe na maji ya kunywa kliniki. Vidonge vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, ni vitatu kwa mkupuo, na mama anatakiwa kuvimeza mbele ya mhudumu, kuanzia miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, angalau mara tatu, kila dozi ikipishana na nyingine mwezi au zaidi. Pasipo na maji anafungiwa kwenye karatasi aende navyo nyumbani, na kwenye rejista anaandikwa amemeza. Malaria iliyojificha kwenye kondo la nyuma haisomi rejista.

Kipimo cha wingi wa damu nacho kisikosekane. Kukisia kwa kutazama viganja si kupima.

Halafu kichocho. Dawa ikija, inagawiwa shuleni. Mama anayeshinda majini anarukwa kwa kuwa ana mimba. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2002 kwamba wajawazito wasinyimwe praziquantel, yaani hiyo dawa ya kichocho, na miezi mitatu ya kwanza ikipita hakuna sababu ya kumrudisha mikono mitupu. Sidai dawa hiyo peke yake itaongeza uzito wa mtoto. Utafiti uliofanyika Entebbe, ng'ambo ya ziwa hili hili, haukuonyesha hivyo. Ila mama anayepoteza damu chooni kila siku anahitaji tiba kwa ajili yake mwenyewe.

Naomba uanze na Ukerewe na visiwa vingine, ambako mwenye rufaa husubiri boti kwanza. Vikombe havihitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao.