Barua ya wazi kwa wahasibu vijana wa Dodoma na Singida

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea. Mimi mzee wenu niliyestaafu katika kazi ya hesabu nina ombi moja: msikubali kuitwa mwisho wa mwaka kukagua malengo ambayo wengine waliyapanga ninyi mkiwa nje ya kikao.

Bodi yetu ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na tangu 2004 taarifa zetu hufuata viwango vya kimataifa. Viwango hivyo vinamwelekeza mfanyabiashara namna ya kutoa taarifa ya faida. Apime nini kila wiki ili faida hiyo ipatikane, hilo mnapaswa kumwambia ninyi.

Tazameni viwanda vyetu vya kukamua alizeti. Tajiri huweka lengo la lita kwa mwezi, meneja analifikia, na kiwanda kinakwama vilevile. Mbegu hununuliwa kwa fedha taslimu wakati wa mavuno, kisha hulala ghalani miezi mingi huku riba ya benki ikihesabiwa. Wauzaji nao, wakibanwa na lengo, hugawa madumu kwa mali kauli hadi kwa mwenye duka ambaye deni la zamani hajalipa. Daftarini mauzo yamepanda, ila msimu mpya ukifika hela ya mbegu haipo! Mhasibu angekuwepo tangu mwanzo, angeuliza kila gunia limetoa mafuta kiasi gani, mashudu yameingiza shilingi ngapi, wadaiwa wanalipa baada ya siku ngapi. Angedai pia kamisheni ya muuzaji itoke fedha ikishaingia. Hilo la kamisheni litawaletea ugomvi. Lishikilieni.

Kwenye zabibu, mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Kumpa meneja lengo la ununuzi linalolingana kila mwezi ni kumwonea. Pimeni kwa msimu.

Ila kazi usiyoijua huwezi kuiwekea kipimo. Tokeni ofisini, mkasimame na mwendesha mashine awaonyeshe mbegu zenye unyevu zinavyopunguza mafuta. Mkitoka hapo ndipo mwandike lengo.

Na bosi akitaka kipimo kibadilishwe katikati ya mwaka ili bonasi ipatikane, mpeni pingamizi lenu kwa maandishi, lenye tarehe na saini, nanyi mbaki na nakala.