Mtalaka hajaja kurithi, anadai: aende kwenye mirathi au akazie hukumu?

Ndugu Mhariri,

Naomba mawazo ya wanasheria na wasaidizi wa kisheria wenzangu juu ya mama mmoja mtalaka aliyefika kituoni kwetu. Mengi katika shauri lake yako wazi. Tumekwama mahali pawili.

Mahakama ya Mwanzo ilivunja ndoa mwaka 2019 na, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ikampa asilimia 40 ya nyumba waliyochuma pamoja. Mthamini aliipa thamani ya Sh milioni 35. Hukumu ikasema mume abaki na nyumba na amlipe mama Sh milioni 14. Akishindwa, nyumba iuzwe wagawane kwa asilimia hiyo hiyo. Watoto wawili nao watunzwe kwa Sh 100,000 kwa mwezi. Mume alilipa jumla ya milioni 5 kwa simu, kwa awamu tatu, kisha kimya. Matunzo yalikoma mwisho wa 2021. Machi 2024 akafariki. Kaka yake ameteuliwa msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo ya wilaya nyingine, na kwenye Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni, ameorodhesha nyumba nzima kuwa mali ya marehemu. Sehemu ya madeni ameiacha tupu.

Jibu la familia ni moja: mtalaka harithi. Ni kweli harithi, eda ilikwisha zamani, wala hajaomba urithi. Anadai. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linamtaka msimamizi akusanye mali, alipe madeni, ndipo agawe. Marehemu alikuwa Mwislamu, na huko pia warithi husubiri mazishi, madeni na wasia vipite kwanza.

Hesabu yetu ni hii: milioni 9 zilizobaki za nyumba, milioni 2.6 za matunzo ya miezi 26, Januari 2022 hadi Februari 2024; na Sh 500,000 za mahari iliyoahirishwa, ambayo haimo kwenye hukumu bali kwenye cheti cha ndoa. Jumla milioni 12.1. Matunzo ya baada ya kifo hatukuyaweka, kwa sababu kuanzia hapo watoto ni warithi. Ila muhtasari wa kikao cha ukoo uliwataja watoto wa mke wa sasa tu, kana kwamba talaka ya mama iliwatoa hawa kwa baba yao. Hilo tumelipinga kwa barua ya peke yake, lisichanganywe na deni.

Msimamizi sasa anasema marehemu alimalizia kulipa kwa fedha taslimu. Risiti hana. Anayedai kuwa deni limelipwa ndiye wa kuthibitisha. Hata hivyo tumechukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu na kuiambatanisha na nakala ya hukumu yenye muhuri.

Nyumba haina hati, ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, kwa hiyo hakuna zuio la kuweka kwa Msajili wa Hati. Tumempa mwenyekiti wa mtaa nakala ya hukumu ili asishuhudie mauzo. Kinga dhaifu hiyo. Mnunuzi mwenye haraka hapitii kwa mwenyekiti.

Sasa maswali. Mama huyu ni mdai wa fedha au ni mwenye fungu ndani ya nyumba? Akiwa mdai, atapata milioni 9 kwa bei ya 2019. Akiwa mwenye fungu, asilimia 40 haikuwa ya marehemu kamwe, na haikupaswa kuingia Fomu Na. 5. Nyumba ikiuzwa leo kwa milioni 60, tuseme, fungu lake ni milioni 24. Toa 5 alizopokea, zinabaki 19. Mimi naegemea huku, maana sharti la kuuza limo ndani ya hukumu yenyewe na mume alishindwa kulipa akiwa hai. Kinachonitia hofu ni kwamba barua yetu ya kwanza kwa msimamizi ilitaja milioni 9 peke yake. Je, itasomwa kuwa amekwisha kuchagua?

La pili ni mlango wa kuingilia. Kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, kwenye mahakama iliyovunja ndoa, msimamizi akisimama mahali pa marehemu, ndiyo njia fupi. Lakini msimamizi hujibu kwa kiasi cha mali iliyo mikononi mwake, na akishagawa, mama atabaki kumfukuza mrithi mmoja mmoja. Kupinga Fomu Na. 5 kwenye jalada la mirathi kunaweza kusimamisha mgawo, ila hakimu wa huko anaweza kusema mgogoro wa umiliki si kazi yake. Naweza kuomba zuio la mgawo kwenye mirathi huku nikikazia hukumu kule kwingine, bila kuambiwa tumefungua mashauri mawili juu ya jambo moja? Fomu Na. 6, yaani hesabu ya mirathi, haijawasilishwa bado.

Msaidizi wa kisheria,
Morogoro